Kurejesha nyika za nyasi na vichaka vya asili katika ardhi za hifadhi za umma: mwongozo kamili

Kosa kubwa kuliko yote katika urejeshaji wa nyika hutokea kabla ya mbegu ya kwanza kugusa udongo, pale mpangaji anapoutazama uwanda wa nyasi na vichaka akauona kama ardhi tupu inayosubiri kupandwa miti. Nyanda nyingi za nyasi ni za kale mno, na mimea yake imezoea jua kali, moto, kwato na meno ya wanyama kiasi kwamba kinachoiua ni kivuli. Sehemu kubwa ya uhai wake iko chini ya ardhi, katika mizizi, viazi na mashina yanayotambaa udongoni, na huko ndiko inakohifadhiwa kaboni isiyofikiwa na moto wa nyasi. Kupanda miti mahali kama hapo ni kuharibu mfumo mmoja wa asili kwa kisingizio cha kurejesha mwingine ambao haukuwahi kuwepo. Umoja wa Mataifa umeutenga muongo wa 2021 hadi 2030 kwa ajili ya kurejesha mifumo ya ikolojia, na ni rahisi kwa juhudi hizo kupimwa kwa idadi ya miche iliyopandwa. Msimamizi wa hifadhi anapaswa kuwa tayari kueleza, kwa hoja na kwa ramani, kwamba eneo lake ni la nyasi na litabaki la nyasi.

Jambo la pili la kukubaliana mapema ni kwamba kipande kidogo cha nyika ambacho hakijawahi kulimwa kina thamani kuliko hekta nyingi zilizorejeshwa. Katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani kuna nyika iitwayo Curtis Prairie, iliyoanza kurejeshwa miaka ya 1930 kwenye shamba la zamani chini ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, na ambayo miaka ya 1940 iliwasaidia watafiti kuelewa nafasi ya moto katika kutunza nyasi asilia. Imetunzwa vizazi kwa vizazi, na hadi sasa bado inahitaji kuchomwa kwa mpango na kupaliliwa mimea vamizi. Kwa hiyo fedha za kwanza za mradi zielekezwe kulinda mabaki ya nyika yaliyo salama, kisha ndipo zifikiriwe sehemu zilizoharibika.

Hatua ya kwanza: kuisoma ardhi na nyaraka zake

Ardhi ya umma iliyohifadhiwa ina sheria zake, na kazi njema iliyofanywa bila kibali inaweza kusimamishwa katikati ya msimu wa mvua, wakati mbegu ziko tayari kuota. Pitia mpango wa usimamizi wa hifadhi, fahamu ni shughuli zipi zinahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, nani hutoa kibali cha kuchoma moto na cha kutumia viuagugu, na ni jamii zipi jirani zenye haki ya malisho, maji, kuni au njia. Majirani hao washirikishwe tangu siku za mwanzo, kwa sababu wazee waliochunga humo wanakumbuka nyasi zipi zilikuwepo, maji yalipita wapi na moto ulikuwa ukiwashwa mwezi gani, na kumbukumbu hiyo haimo katika faili lolote.

Baada ya hapo tembea eneo lote kwa miguu, mara moja wakati wa mvua na mara moja wakati wa kiangazi, kwa kuwa mimea mingi ya nyika huonekana msimu mmoja tu. Ligawe eneo katika ramani kwa kufuata hali yake: mahali penye uoto asilia usioguswa, mahali palipodhoofika lakini pangali na mashungi ya nyasi za kudumu, mahali palipotekwa na mimea vamizi, na mahali palipobaki udongo mtupu au palipokuwa shamba. Kila hali inadai tiba yake, na kuzichanganya ni kupoteza fedha. Inama pia uangalie mashina ya nyasi kwa karibu. Ukiona shungi la nyasi limesimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mizizi ya juu ikiwa wazi, hapo unapima mmomonyoko kwa macho: urefu wa kilima hicho ni kina cha udongo uliokwisha kuondoka kandokando yake.

Ili kupata takwimu za kuanzia, tandaza kamba ya mita 100, na katika kila mita shusha fimbo nyembamba wima, kisha andika inachogusa: nyasi ya kudumu, nyasi ya msimu mmoja, kichaka, gugu vamizi, takataka za majani, jiwe au udongo mtupu. Kwa kuwa pointi ni 100, kila hesabu ni asilimia moja kwa moja, na mtu asiye mtaalamu anaweza kufundishwa njia hii kwa asubuhi moja. Weka vigingi vya kudumu kwenye ncha mbili za kila mstari ili vipimo vya miaka ijayo vifanyike palepale. Fanya hivyo pia katika eneo la jirani lenye udongo na mvua inayofanana ambalo bado lina afya. Hilo ndilo litakalokuwa kielelezo cha kule mradi unakoelekea.

Jaribio moja linalosahaulika mara nyingi ni la akiba ya mbegu iliyomo udongoni. Chukua udongo wa sentimita 5 za juu kutoka sehemu mbalimbali, utandaze kwenye trei zenye mchanga, umwagilie kwa wiki kadhaa, na uhesabu kinachoota. Ikiwa nyasi asilia zinajitokeza kwa wingi, huenda usihitaji kupanda chochote, bali kupumzisha ardhi tu. Ikiwa yanayoota ni magugu matupu, umeonywa mapema kwamba kila kutifua udongo kutayaamsha.

Hatua ya pili: kutafuta chanzo cha uharibifu na kukiondoa

Nyika haipotei bila sababu, na sababu hiyo mara nyingi haiko pale panapoonekana jeraha. Serengeti inatoa somo ambalo kila mrejeshaji anapaswa kulijua. Ugonjwa wa sotoka ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 uliangamiza ng'ombe na wanyamapori wa jamii yao, na ukaendelea kuzuia ongezeko la nyumbu kwa miongo mingi. Ulipodhibitiwa miaka ya 1960 kwa kuchanja ng'ombe wa maeneo ya jirani, nyumbu waliongezeka kutoka takriban laki mbili na nusu hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, nyasi zilizobaki zikawa chache mno kulisha mioto mikubwa, na miti ikaanza kuongezeka katika sehemu nyingi. Chanjo ya ng'ombe nje ya hifadhi ilibadilisha moto na miti ndani yake. Anayetafuta chanzo ndani ya mpaka wa hifadhi pekee anaweza asikione kamwe.

Uliza basi maswali machache kwa ukaidi. Je, malisho yanapumzishwa, au yanaliwa mwaka mzima? Je, moto umezuiwa kwa miongo, au unapita mara nyingi kupita kiasi? Je, kuna barabara au mtaro uliogeuza mkondo wa maji ukaiacha sehemu moja kavu na nyingine ikichimbika? Je, ardhi ililimwa na kutiwa mbolea? Chanzo kikishajulikana, kiondolewe au kipunguzwe kwanza. Kupanda mbegu mahali ambapo mifugo bado inaingia kila siku ni kulisha mifugo hiyo kwa gharama ya umma.

Malengo yaandikwe kwa namba na muda, kwa mfano kwamba ndani ya miaka mitano nyasi za kudumu zitafunika asilimia 40 ya mstari wa vipimo na udongo mtupu hautazidi asilimia 20. Namba zitoke kwenye eneo la kielelezo, si kwenye matamanio ya ofisi.

Hatua ya tatu: kudhibiti mimea vamizi

Kwanza tofautisha mgeni na mwenyeji aliyezidi. Vichaka asilia vinaweza kusongamana kwa sababu moto na wanyama wala majani vimeondolewa. Hivyo hupunguzwa, having'olewi vyote, maana ndege, swala wadogo na wadudu hutegemea baadhi yake, na katika nyika ya vichaka kichaka ndicho kinachotafutwa. Mgeni vamizi ni habari nyingine kabisa.

Anza na vikundi vidogo vilivyojitenga kandokando, kisha sogea kuelekea kitovu cha uvamizi. Wengi hufanya kinyume, wakavutwa na eneo lililotekwa kabisa, na huku wanahangaika katikati, mimea michache ya pembezoni inazaa na kuanzisha vituo vipya. Kwenye mabonde anzia juu, kwa kuwa maji hubeba mbegu kwenda chini. Ng'oa kabla ya maua kuwa mbegu: mmea mmoja wa gugu karoti (Parthenium hysterophorus) unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na wanaoling'oa wavae glavu, mikono mirefu na barakoa kwa kuwa huwasha ngozi na kuchochea pumu. Mathenge, mti vamizi wenye miiba wa jamii ya Prosopis, akikatwa juu ya ardhi huchipua upya akiwa na mashina mengi kuliko mwanzo, kwa hiyo akatwe chini ya usawa wa udongo, pale machipukizi yanapoanzia, au kisiki kipakwe kiuagugu kilichoruhusiwa mara tu baada ya kukatwa, kabla jeraha halijakauka. Mpungate, aina ya dungusi kakati (Opuntia), haufai kukatwakatwa na kuachwa chini, kwani kila kipande kinaweza kuota mizizi. Huko Laikipia, Kenya, wametumiwa wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mpungate kuudhoofisha. Njia hiyo inafaa pale tu wataalamu wamethibitisha kwamba mdudu hatashambulia mmea mwingine, na mamlaka husika zimetoa idhini.

Magari, mashine, viatu na mizigo ya nyasi kavu ndivyo vinavyosafirisha mbegu vamizi kutoka hifadhi moja hadi nyingine. Panga mahali pa kuvisafisha getini, na usikubali mchanga au kokoto za barabara kutoka machimbo yenye magugu hayo.

Katika nyika za vichaka za magharibi mwa Marekani, nyasi ya msimu mmoja iitwayo Bromus tectorum, iliyotoka Ulaya na Asia, hukauka mapema na kuwa kama utambi unaounganisha kichaka na kichaka. Moto umekuwa ukirudi haraka kuliko kichaka cha Artemisia tridentata kinavyoweza kujirejesha, kwa sababu kichaka hicho hakichipui baada ya kuungua na mbegu zake nyingi huanguka karibu na mama. Mahali pa namna hiyo kuchoma moto ni kumsaidia adui. Sheria ya kwamba moto hunufaisha nyika ina mipaka, na mipaka hiyo lazima ijulikane kabla ya kiberiti kuwashwa.

Hatua ya nne: udongo na maji

Penye udongo mtupu mara nyingi kuna tabaka gumu juu linalofukuza maji ya mvua. Livunje kwa jembe la mkono au kwato za mifugo iliyopitishwa kwa muda mfupi, bila kulima chini. Kwenye mteremko mdogo chimba makingio ya nusu mwezi, yaani vishimo vya nusu duara vya kunasa maji, upande wake ulio wazi ukitazama juu kunakotoka maji, na ncha zake mbili zikiwa katika usawa mmoja. Yapangwe kwa kupishana ili maji yanayomwagika kutoka safu ya juu yanaswe na safu inayofuata. Matawi ya miiba yaliyokatwa wakati wa kupunguza vichaka yatandazwe juu ya udongo mtupu: yanapunguza jua, yananasa mbegu na takataka, na yanazuia mifugo kula miche. Njia za magari zisizotumika zifungwe kwa matuta ya kukata maji.

Usitie mbolea. Ushauri huu huwashangaza waliokulia shambani, lakini nyasi asilia nyingi zimezoea udongo maskini, na naitrojeni ya ziada huwanufaisha magugu yanayokua kwa kasi. Kwenye mashamba ya zamani yaliyorutubishwa, kata nyasi na kuziondoa kabisa kwa misimu kadhaa ili virutubisho vipungue kabla ya kupanda.

Hatua ya tano: mbegu

Hapa ndipo pa kutumia subira yote. Mbegu zitoke karibu, kwenye mvua, mwinuko na udongo unaofanana na wa eneo, kwa kuwa nyasi ya aina moja iliyotoka mbali inaweza kuchanua wakati usiofaa au kufa katika kiangazi cha kwanza. Kusanya kutoka mimea isiyopungua 50 iliyotawanyika, wala usichukue zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, ili nyika mama isidhurike. Kipimo cha ukomavu ni kiganja: pitisha mkono kwenye suke, na mbegu zikibaki mkononi bila kuvuta kwa nguvu, wakati umefika. Zianikwe kivulini penye hewa, zihifadhiwe katika ukavu na ubaridi. Kila upungufu wa asilimia moja ya unyevu ndani ya mbegu huongeza maisha yake takriban mara mbili.

Mbegu nyingi za nyika haziko tayari kuota siku zinapovunwa. Nyasi ya Themeda triandra, ambayo masuke yake huwa na rangi ya kahawia nyekundu yakikomaa, huhitaji miezi mingi ya kutulia kabla ya kuota vizuri. Ukiichukua mbegu yake moja ukailowesha kiganjani, utaona unywele wake mrefu mweusi ukianza kujizungusha. Ndivyo inavyojichimbia udongoni unyevu unapopanda na kushuka. Watengenezaji wa mbegu hukata nywele hizo ili mashine isizibe, lakini mbegu ikinyimwa chombo chake cha kujizika lazima ifunikwe na binadamu. Kuna mbegu zinazoamshwa na moshi, kama walivyoonyesha watafiti wa Afrika Kusini mwaka 1990 kwa mimea ya fynbos, uoto wa vichaka asilia wa nchi hiyo, na zile za jamii ya mikunde zenye ganda gumu huhitaji kukwaruzwa au kumwagiwa maji ya moto na kulowekwa usiku kucha.

Kabla ya kupanda, pima. Weka mbegu 100 juu ya karatasi yenye unyevu, rudia mara nne, na uhesabu zilizoota baada ya wiki mbili hadi tatu. Kisha tenga mbegu na makapi uone usafi wake. Gunia la kilo 20 lenye usafi wa asilimia 60 na uotaji wa asilimia 50 lina kilo 6 tu za mbegu hai, na ni kwa hizo 6 ndipo hesabu ya upandaji inapaswa kufanyika. Kiwango cha mbegu hai 300 hadi 600 kwa mita ya mraba hutumika mara nyingi, kikiongezwa penye udongo mgumu au magugu mengi. Mchanganyiko uwe na nyasi zinazowahi kufunika ardhi, nyasi za kudumu zinazochelewa lakini hudumu, na mimea ya maua, bila kuruhusu nyasi moja yenye nguvu izidi zote. Maua yakikosekana mwanzoni huwa vigumu mno kuyaingiza baadaye.

Panda muda mfupi kabla ya mvua za uhakika. Mbegu ndogo zikae juu au chini ya nusu sentimita, zikandamizwe kwa mguu au roli ili zishikamane na udongo. Changanya na mchanga mkavu ili mkono usambaze sawasawa, na upande nusu ukielekea upande mmoja, nusu nyingine ukikata mkabala. Vichaka ni afadhali vipandwe kama miche kutoka kitaluni, katika makundi yaliyotawanyika mithili ya visiwa, kila mche kwenye kishimo cha kunasa maji na uzio dhidi ya walaji.

Hatua ya sita: miaka ya mwanzo

Mwaka wa kwanza eneo litaonekana limeshindikana, kwa sababu nyasi za kudumu hujenga mizizi kwanza huku magugu yakitamba juu. Usipande upya kwa hofu. Kata magugu kwa urefu unaopita juu ya miche asilia, sentimita 15 hadi 20, kabla hayajatoa mbegu. Malisho yasubiri hadi nyasi zichanue na kuangusha mbegu angalau msimu mmoja, na uamuzi uthibitishwe kwa kung'oa: shika majani ya shungi jipya uvute kama ng'ombe anavyovuta. Jani likikatika, mizizi imeshika. Mmea mzima ukitoka, rudisheni uzio.

Hatua ya saba: kurudisha moto na walaji

Mbegu bila moto na walaji hutoa shamba la nyasi, haitoi nyika. Gawa eneo katika vitalu na uchome sehemu tu kila mwaka, mara nyingi isizidi theluthi moja, ili wadudu, nyoka, kobe na ndege wataagao chini wawe na pa kukimbilia. Mioto ya mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa na unyevu kiasi, hupita polepole na kuacha madoa yasiyoungua; ya mwishoni mwa kiangazi ni mikali na ndiyo inayorudisha nyuma vichaka vilivyosongamana. Chagua kwa lengo, si kwa urahisi. Kila uchomaji uwe na mpango ulioandikwa wenye viwango vya upepo na unyevu wa hewa ambavyo vikivukwa kazi inaahirishwa, barabara za kinga moto, maji, watu waliofunzwa, na taarifa kwa majirani; mstari wa kwanza uwashwe upande upepo unakoelekea, moto utambae kinyume na upepo hadi ukanda mpana ulioungua upatikane.

Wanyama hufuata machipukizi ya sehemu iliyoungua na kuziacha nyingine zipumzike, na hivyo nyasi fupi, za kati na ndefu hupatikana kwa pamoja. Mahali ambapo wanyamapori ni wachache, mifugo ya majirani inaweza kufanya kazi hiyo kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja idadi, tarehe za kuingia na kutoka, na nani anaamua mvua ikichelewa.

Hatua ya nane: vipimo na kumbukumbu

Rudia mistari ileile, mwezi uleule, kila mwaka, na upige picha kutoka kigingi kilekile kuelekea upande uleule. Acha kipande kisichofanyiwa lolote ili ujue kama mabadiliko yametokana na kazi au na mvua nzuri. Amueni mapema ni kiwango gani kitalazimisha hatua, kwa mfano gugu vamizi likizidi asilimia 5 katika mstari wowote, kikosi kinarudi mwezi huohuo. Tengeni fedha za palizi na uchomaji kwa miaka isiyopungua kumi tangu siku ya kupanda, na zitajwe katika bajeti ya hifadhi yenyewe badala ya kutegemea ufadhili wa mradi, ambao kwa kawaida huisha wakati nyasi za kudumu ndiyo kwanza zinaanza kushinda. Nakala ya ramani, viwianishi vya vigingi, asili ya kila kundi la mbegu, tarehe za moto na majina ya kisayansi ya mimea iwekwe katika ofisi ya kanda iliyo karibu na eneo, kwa sababu watumishi wa umma huhamishwa, na mhifadhi mgeni anahitaji kuvipata vigingi hivyo kabla ya msimu wake wa kwanza wa vipimo.